Fahamu Eneo Lako: Kibwezi, Mji Uliojengwa na Maji ya Chyulu

Katika somo la toleo hili tunaelekea kusini mwa Kaunti ya Makueni, katika mji wa Kibwezi. Wengi wetu tunaufahamu kwa safari. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa unaupita baada ya karibu kilomita 200. Ukitoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha, ndiko barabara yako inakoishia na kuungana na barabara kuu. Wafanyabiashara wa mboga wanaufahamu kwa nyanya, vitunguu na mabamia. Wanafunzi wa historia hukutana na jina lake pale wanaposoma juu ya wamisheni na reli.

Lakini tukiuliza kwa nini mji huu uko pale ulipo, na kwa nini haukujengwa kilomita ishirini mbele au nyuma, wachache wana jibu. Somo hili linajaribu kulitoa. Kwa ufupi, Kibwezi iko pale kwa sababu ya maji, na maji hayo hayatoki Kibwezi. Ukishaielewa sentensi hiyo, historia ya mji inaeleweka, na pia utaelewa kwa nini maamuzi ya ardhi, miti na visima tunayoyafanya leo yana uzito kuliko yanavyoonekana.

Mahali penyewe

Kibwezi iko katika nyanda kavu za Ukambani. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: ya masika kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kama ilivyo sehemu nyingi za Makueni na Kitui, mkulima hutegemea zaidi mvua ya vuli, kwani ya masika mara nyingi huwa haba au hukatika mapema. Kwa mwaka wa kawaida eneo hili hupata takriban milimita 600 za mvua, na kuna miaka mingi isiyofikia kiwango hicho. Mibuyu na miti ya miiba inayoonekana kando ya barabara inatueleza hali hiyo bila kipimo chochote.

Upande wa magharibi na kusini-magharibi mwa mji kuna safu ya milima ya Chyulu, yenye urefu wa kilomita 100 hivi. Kilele chake cha juu kabisa ni mita 2,188 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mara mbili ya mwinuko wa mji wenyewe. Milima hii imegawanywa kati ya Makueni, Kajiado na Taita Taveta.

Upande wa mashariki ardhi inashuka hadi mto Athi, ambao ni mpaka kati ya Makueni na Kitui. Ng'ambo ya mto kuna ukingo mrefu ulionyooka kama ukuta. Hiyo ndiyo nyanda ya juu ya Yatta, mabaki ya mtiririko mmoja wa lava uliotembea karibu kilomita 300 zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani.

Kwa hivyo Kibwezi iko kati ya kazi mbili za volkano: Yatta ambayo ni kongwe, na Chyulu ambayo bado ni changa.

Milima isiyo na mito

Chyulu ni changa kweli. Ilianza kujengeka chini ya miaka milioni mbili iliyopita, na milipuko yake ya mwisho ilitokea katikati ya miaka ya 1850, yaani wakati wa mababu wa mababu zetu. Lava nyeusi ya Shaitani, inayoonekana ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ni ya kipindi hicho. Waliouona moto ukitoka ardhini waliupa jina lililofaa hofu yao.

Ajabu ya Chyulu ni kwamba hupokea mvua na ukungu mwingi kuliko nyanda zinazoizunguka, lakini huko juu hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji huenda wapi?

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa jaribio rahisi. Chukua beseni. Tandaza udongo wa mfinyanzi chini na uushindilie. Juu yake rundika kokoto upande mmoja mpaka ufanane na mlima. Sasa mwagia maji juu ya kokoto polepole. Hutaona maji yakitiririka juu ya mlima wako. Yatazama kati ya kokoto, yatafika kwenye udongo mgumu, kisha yatatokeza pale kokoto zinapoishia.

Chyulu hufanya kazi hivyohivyo. Majivu na mawe ya volkano yana matundu na nyufa nyingi. Ndani yake kuna hata mapango marefu yaliyoachwa na lava ilipokuwa ikipita. Moja, Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Mvua ikinyesha, maji huzama. Chini ya lava kuna miamba migumu ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ambayo haiyaruhusu maji kupenya kwa urahisi. Basi maji husafiri chini kwa chini, na pale lava inapoishia hutokeza kama chemichemi.

Chemichemi hizo ndizo tunazozijua kwa majina. Upande wetu kuna Kiboko, Makindu na Umani, ambayo iko ndani ya msitu wa Kibwezi na huulisha mto Kibwezi unaoelekea Athi. Upande wa kusini, ndani ya Tsavo Magharibi, kuna Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 imepeleka maji kwa bomba hadi Mombasa. Mtu anayefungua mfereji Mombasa na mkulima anayenyunyizia vitunguu Kibwezi wanaweza kuwa wanagawana mvua iliyonyesha juu ya milima hiyohiyo.

Msitu wa Kibwezi wenyewe ni ushahidi. Umeota juu ya mawe ya lava, katika nchi ambayo mvua yake peke yake isingetosha kuulisha. Mizizi yake inakunywa maji yaliyo chini.

Kikumbulyu kabla ya reli

Kabla jina la Kibwezi halijaandikwa kwenye ramani za wageni, nchi hii ilijulikana kama Kikumbulyu. Jina hilo limebaki hadi leo katika wadi zetu mbili, Kikumbulyu Kaskazini na Kikumbulyu Kusini.

Masimulizi ya Wakamba hutaja milima ya Mbooni kuwa makao makuu ya mwanzo ya jamii, na kutoka huko watu walisambaa, wengine wakivuka Athi kuingia Kitui. Nyanda za Kikumbulyu zilikuwa mpakani: upande wa Chyulu kulikuwa na malisho ya Wamaasai, na upande wa kusini kulikuwa na njia ya kwenda Taita na pwani. Waliokaa hapa walikuwa wawindaji, wafugaji wa nyuki na wafanyabiashara, mbali na kulima pale maji yalipopatikana.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu. Misafara yao ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Mfanyabiashara mashuhuri zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmisheni Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kutoka nchi ya Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Jina la nchi yetu lilifika katika maandishi ya Ulaya kupitia matamshi ya Kikamba aliyoyasikia huko. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf.

Msafara wa watu mia moja au zaidi, kila mmoja na mzigo kichwani, hauwezi kupita popote. Unapita palipo na maji. Kutoka pwani njia ilivuka nyika ya Taru, ambayo ni kavu sana, ikatafuta maji ya Voi na Tsavo, kisha Kibwezi, Makindu na Kiboko, ndipo ikapanda kwenda Machakos. Mtazame dereva wa lori wa leo. Vituo anavyosimama ni karibu vilevile.

Misheni iliyoshindwa na homa

Mwaka 1891 kundi la wamisheni wa Kiskoti lilifika Kibwezi likiongozwa na James Stewart, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Lovedale, Afrika Kusini. Fedha zilitoka kwa wakurugenzi wa Kampuni ya Imperial British East Africa, akiwemo Sir William Mackinnon. Walichagua Kibwezi kwa sababu ileile iliyowavuta wenye misafara: mto usiokauka, kivuli cha msitu, na udongo mweusi wenye rutuba.

Walijenga nyumba na shule, wakachimba mifereji, wakaanza bustani. Kumbukumbu za kilimo cha kahawa nchini huitaja Kibwezi kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupandwa kahawa, katika miaka ya 1890. Kanisa la PCEA huhesabu mwanzo wake Kenya kutoka misheni hiyo ya Kibwezi ya mwaka 1891.

Lakini kituo hakikudumu. Malaria iliwaua baadhi yao na kuwadhoofisha waliosalia. Maji yaliyowaleta ndiyo yaliyozalisha mbu, na wao hawakujua. Ugunduzi kwamba malaria huenezwa na mbu ulifanywa na Ronald Ross huko India mwaka 1897, na haukuwahi kuwasaidia. Kufikia mwaka 1898 misheni ilikuwa imehamia nchi ya Wakikuyu, mahali ambapo leo panaitwa Thogoto, jina lililotokana na neno la Kiingereza la Waskoti.

Katika somo letu kisa hiki kina maana kubwa. Watu wenye fedha, elimu na nia walifika mahali penye maji mazuri, wakayatumia bila kuelewa yanavyofanya kazi, na ndani ya miaka saba wakaondoka. Sisi tunajua zaidi yao. Swali ni kama tunautumia ujuzi wetu.

Barabara, reli na njaa

Kampuni ya Mackinnon ilianza kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani mwaka 1890. Jina lake limebaki kwenye kituo cha Mackinnon Road, Kaunti ya Kwale. Barabara hiyo ilifika Kibwezi, na kutoka hapa, mwaka 1895, Kapteni Sclater wa jeshi la uhandisi la Uingereza alianza kuiendeleza kuelekea Ziwa Viktoria na Uganda. Kwa muda mfupi Kibwezi ikawa ndio mwisho wa barabara moja na mwanzo wa nyingine.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Gari la moshi hutumia maji mengi, na katika nyika ya Taru wajenzi walilazimika kuyabeba maji kwa treni kutoka nyuma. Walipovuka Tsavo na kukaribia Kibwezi na Makindu mwaka 1898, mito ya Chyulu ilikuwa nafuu kubwa. Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu mwaka 1901.

Wakati reli ikipita, wenyeji walikuwa katika dhiki. Sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kisha kati ya 1897 na 1899 mvua zilikosa, na ndui ikafuata. Wazee wa Ukambani waliita njaa hiyo Ngomanisye, kwa maana ya iliyoenea kila mahali. Familia nyingi zilihama na nyingine zilitoweka kabisa. Wageni walioandika kwamba nchi kando ya reli ilikuwa tupu waliiona katika wakati mbaya kuliko yote, na maneno yao yalisaidia kuhalalisha kutwaliwa kwa ardhi hiyo.

Makindu, jirani ya Kibwezi, ilikua kama kituo cha reli. Mwaka 1926 Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hapo hekalu lao, ambalo hadi sasa huwapa chakula bure wasafiri wa dini zote. Jina la Makindu lenyewe linatokana na mikindu, mitende ya porini inayoota kando ya maji. Linganisha na Mtito Andei, ambayo kwa Kikamba ni msitu wa tai. Majina ya miji yetu yana habari ya mazingira kwa anayetaka kuisikiliza.

Mistari iliyochorwa juu ya ardhi

Baada ya reli, serikali ya kikoloni ilichora mipaka. Wakamba walitengewa maeneo yao, na sehemu kubwa ya nchi kando ya reli ikawa ardhi ya serikali. Mashamba ya mkonge yakaanzishwa Kibwezi, likiwemo shamba la Dwa ambalo bado lipo. Mwaka 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ikatangazwa, na baadaye, mwaka 1983, sehemu ya milima ikawa Hifadhi ya Taifa ya Chyulu. Msitu wa Kibwezi nao ulikuwa umetengwa.

Baada ya uhuru, watu kutoka vilima vya Mbooni, Kilungu na Machakos, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi kuwa vipande vidogo, waliteremka nyanda za chini kutafuta ardhi. Wengi walifyeka pori kwa mikono yao wakitarajia kwamba hati zingefuata. Kwa wengine zilifuata kupitia mipango ya makazi. Kwa wengine zilichelewa miaka mingi, na wapo waliojikuta upande usiofaa wa mpaka wa msitu au hifadhi na kuhamishwa, wakiwemo walioishi Chyulu. Yeyote anayeongoza kikao cha ardhi Masongaleni, Kiboko au Mtito Andei anajua kwamba historia hii haijawa ya vitabuni.

Tunaitaja kwa sababu mara nyingi uhifadhi wa maji huelezwa kana kwamba ni wanyama na miti dhidi ya watu. Mkaazi aliyehamishwa mara moja ana haki ya kuuliza kama maneno ya kulinda chemichemi ni njia nyingine ya kumwondoa. Jibu la kweli ni kwamba milima ya Chyulu ikiharibiwa, atakayekosa maji wa kwanza ni yeye aliye chini.

Kibwezi ya leo

Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992. Katiba ya 2010 ikaifanya kaunti, na serikali ya kwanza ya kaunti ikaingia kazini baada ya uchaguzi wa 2013, makao makuu yakiwa Wote. Eneo bunge la zamani la Kibwezi liligawanywa kuwa mawili, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki. Katika sensa ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 987,653.

Mambo mengi yanakutana Kibwezi. Barabara kuu ya Mombasa, reli ya zamani na reli ya SGR iliyozinduliwa Mei 2017, ambayo ina kituo hapa, zote zinapita karibu. Barabara ya lami ya kwenda Kitui imeiunganisha na Ikutha, ambako wamisheni Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa na kituo katika miaka ya 1890, na Mutomo. Mbuzi, pojo, asali na matunda ya pande zote mbili za Athi sasa hufika soko moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha mafunzo ya nchi kavu Kibwezi, na Kiboko kuna kituo cha utafiti ambako mbegu za mahindi na mtama zinazostahimili ukame hujaribiwa.

Kando ya mito na mifereji, wakulima hupanda nyanya, vitunguu, matikiti, na mboga za Kihindi kama karela na mabamia zinazouzwa hata nje ya nchi. Hatua chache kutoka kwenye mfereji, ardhi ni kavu na mkulima anasubiri mvua. Tofauti kati ya jirani hao wawili ni maji ya Chyulu.

Maji yanavyoweza kupotea

Kwa kuwa maji yetu husafiri chini ya ardhi, kuna njia nne ambazo yanaweza kupungua au kuharibika bila sisi kuona mapema.

Ya kwanza ni milima kupoteza mimea yake. Msitu na nyasi za Chyulu hunasa ukungu na kupunguza kasi ya mvua ili izame. Moto wa msimu wa kiangazi, ukataji miti na uchomaji makaa huacha udongo wazi. Mvua ikija, hubeba majivu na udongo huo.

Ya pili ni kuchota kuliko kinachoingia. Kila pampu kwenye mto na kila kisima kirefu kinanyonya kutoka hazina ileile. Mmoja hawezi kuimaliza. Mia moja wasiohesabiana wanaweza kuifanya chemichemi ipungue, na anayeumia kwanza huwa aliye mwisho wa mfereji.

Ya tatu ni uchafuzi. Matundu yaleyale yanayoruhusu mvua kuzama haraka huruhusu pia dawa za shambani, maji ya choo na mafuta. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi na kuingia katika bonde la Thange, Kibwezi Mashariki. Visima na mto vikachafuka, na maisha ya wakaazi yakavurugika kwa miaka. Maji ya juu yakichafuka, mvua kubwa inaweza kuyasafisha. Ya chini ya ardhi hayasafishwi hivyo.

Ya nne ni kuharibu njia ya maji yenyewe: kulima hadi ukingoni mwa mto, kujenga juu ya chemichemi, au kuchota mchanga bila mpango. Mchanga wa mito yetu ya msimu huhifadhi maji, na ndiyo sababu mabwawa ya mchanga yamefaulu Makueni na Kitui. Kaunti yetu ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 kwa sababu hiyo.

Haki na wajibu wako

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 69 inamtaka kila mtu kushirikiana na vyombo vya serikali kulinda mazingira. Mambo haya mawili huenda pamoja.

Huduma ya kufikisha maji kwa wakaazi ni jukumu la kaunti. Usimamizi wa chanzo chenyewe, yaani nani achote na kiasi gani, uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016. Kwa hivyo:

- Anayetaka kuchimba kisima kirefu au kuweka pampu mtoni kwa kilimo cha biashara anahitaji kibali. Ukiona kazi hiyo inafanyika karibu nawe, una haki ya kuuliza kama kibali kipo.
- Jiunge na jumuiya ya watumiaji maji ya mto wako. Humo ndimo zamu za mfereji hupangwa na mizozo husikizwa kabla haijafika kortini.
- Wanaopakana na msitu wanaweza kuunda chama cha kijamii cha msitu chini ya sheria ya misitu ya 2016, na kupata manufaa halali kama kufuga nyuki na kukata nyasi.
- Hudhuria vikao vya maoni ya umma vya bajeti na vya mpango wa matumizi ya ardhi katika wadi yako. Mpango wa mji ukipitishwa bila kuonyesha chemichemi ziko wapi, kurekebisha baadaye ni kazi ngumu.
- Aliye Kitui naye ana nafasi yake. Mto Kibwezi huingia Athi, na Athi ni wa kaunti zote mbili.

Wenye misafara waliijua thamani ya Kibwezi kwa kiu. Wamisheni waliijua kwa homa, na wajenzi wa reli kwa mapipa ya maji waliyoyabeba kuvuka Taru. Sisi tuna bahati ya kuijua kwa masomo, na mpango wa ardhi tutakaoujadili katika baraza lijalo ndio mahali pa kuyatumia.

Maswali ya kujadiliwa shuleni, kwenye vikundi na mabarazani

1. Kwa nini Chyulu hupata mvua nyingi lakini haina mto wa kudumu? Fanyeni jaribio la beseni, kisha mwagieni maji yenye rangi. Rangi inatokea wapi, na hilo linatufundisha nini kuhusu dawa za shambani?
2. Chora ramani ya kijiji chako. Onyesha kila chanzo cha maji, wanaokitumia, na kilicho upande wa juu wake.
3. Waulize wazee watatu: Chemichemi au mto wa karibu ulikuwaje walipokuwa vijana? Miaka ya ukame waliipa majina gani?
4. Familia iliyohamishwa kutoka eneo la hifadhi inahitaji nini ili iwe mlinzi wa chanzo cha maji? Jadilini bila kulaumiana, na andikeni mapendekezo ya kupeleka kwa msimamizi wa wadi.
5. Jina la mji au kijiji chako lina maana gani? Je, kile kilicholipa jina bado kipo?